Vifaranga 19 kati ya 30 wamekufa na kitalu kimeota nusu: je, mwanzo mwema ni mbegu au kuku?

AfandeMstaafu (Bombo)
Wanajukwaa, salaam. Nilistaafu mwaka jana nikarejea Bombo, hapa Uganda, katika kiwanja chetu cha futi 50 kwa 100. Nyumba na choo vimechukua karibu nusu yake, na nyuma kumebaki kipande chenye mparachichi mmoja na ukuta wa jirani. Mwishoni mwa Januari nilinunua vifaranga 30 wa siku moja wa aina ya Kuroiler, kuku chotara wa nyama na mayai, na wiki tatu baadaye nikatengeneza kitalu, nikasia sukuma wiki, nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu), mchicha na nyanya. Nia yangu ilikuwa vitu hivi viwili visaidiane: kuku watoe mbolea, na bustani iwape kuku majani.

Leo nina vifaranga 11. Watano walikufa katika siku tatu za mwanzo, wote usiku. Kisha hali ikatulia hadi nikaamini kwamba tumevuka, na kuanzia siku ya 17 hadi ya 24 wakafa 14. Walikuwa wakijikunyata, mabawa yakishuka na macho yakifumba, na asubuhi nilikuta kinyesi cha rangi ya kahawia iliyoingia wekundu juu ya maganda ya kahawa niliyotandika. Kuhusu kitalu, sukuma imeota vizuri, mchicha umeota kwa mabaka, nyanya ziliota kisha zikalala chini moja baada ya nyingine kana kwamba zimekatwa kwa wembe, na nakati hadi leo, siku ya 12, sijaona hata mche mmoja.

Naomba mnisaidie mambo mawili: ni nini kilichowaua vifaranga wangu, na je, ningeanza na mbegu peke yake kwanza?

Mama_Vitalu (Jinja)
Pole sana, Afande. Mimi ningeanza na mbegu, kwa sababu mbegu ikishindwa unapoteza pakiti na wiki mbili, lakini kifaranga akishindwa unapoteza fedha na usingizi.

Nyanya zako zilipatwa na kinyausi. Chunguza shina pale linapogusana na udongo: utaliona limenywea na kuwa jembamba kama uzi, wakati majani ya juu bado ni ya kijani. Ni kuvu wanaokaa udongoni, nao hupenda kitalu kilichosiwa mbegu kwa msongamano na kumwagiliwa jioni, kwa kuwa udongo unalala umelowa usiku kucha. Mimi humwagilia asubuhi, husia kwa mistari yenye nafasi ya kupitisha kidole, na kabla ya kusia humwaga maji yanayochemka juu ya udongo wa kitalu na kuuacha upoe. Tangu nianze kufanya hivyo sijapoteza kitalu kizima cha nyanya, ingawa mche mmojammoja huanguka.

Daktari_wa_Kijiji (Tororo)
Afande, nafanya kazi ya afya ya mifugo, na ninavyosoma maelezo yako naona vifo vya aina mbili ambavyo havipaswi kuchanganywa.

Vifaranga watano wa mwanzo waliuawa na baridi. Kifaranga wa siku moja hawezi kujipasha joto mwenyewe. Katika wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Kipimajoto kizuri kuliko vyote ni vifaranga wenyewe. Wakirundikana, wanaona baridi; wakikimbilia pembezoni na kuachama midomo, joto limezidi; wakitawanyika na kulala kila mahali, umepatia.

Wale 14 nawahesabia koksidia, ambayo wengi wetu tunaiita kuhara damu. Umri wa wiki tatu ndio umri wake, na kinyesi ulichokieleza ndicho chake. Mayai ya vimelea hivyo hutoka na kinyesi, na yakikuta joto na unyevu huiva ndani ya siku moja au mbili, kisha kuku akidonoa tandiko anayameza. Nina hakika pale kwenye chombo cha maji tandiko lako lilikuwa limelowa. Naomba utuambie: banda lako la kulelea lilikuwa na umbo gani, uliwapa chanjo zipi, na je, ulimpasua hata mmoja ukaangalia tumboni?

AfandeMstaafu
Daktari, asante. Nililea katika sanduku la mbao lenye pembe nne, na sigiri ya mkaa katikati. Mkaa ulikuwa ukizimika mnamo saa kumi usiku, nami nilikuwa nikiamka saa kumi na mbili. Wote watano niliwakuta katika kona moja, waliokufa wakiwa chini na wazima wamewapanda juu.

Chanjo nilizinunua Kampala: ya kideri nikawapa siku ya saba, na ya Gumboro, ule ugonjwa wa virusi wa vifaranga, siku ya 14, zote katika maji ya bomba. Nilizileta kwa teksi katika mfuko wa shati. Sikumpasua yeyote, wote nimewazika nyuma ya mparachichi. Kuhusu tandiko karibu na maji, ni kweli lilikuwa limelowa na kushikamana kama keki.

BintiWestNile (Arua)
Afande, shikamoo. Daktari atanisamehe, lakini jibu naliona katika mfuko wa shati. Chanjo hizo ni hai na zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu dukani hadi bandani. Safari ya teksi kutoka Kampala hadi Bombo katika jua la Februari, tena kifuani pa mtu, inatosha kuziua. Kisha ukaziweka katika maji ya bomba yenye klorini, ambayo huua virusi vya chanjo kama inavyoua vijidudu vingine. Kwa hiyo vifaranga wako walikunywa maji matupu, na kilichowapata ni Gumboro.

Mimi nilipoteza kuku namna hiyohiyo miaka miwili iliyopita. Nilichojifunza ni kubeba chanjo katika chupa ya chai yenye barafu, kutumia maji ya mvua au ya kisima yaliyo safi, na kuchanganya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 kwa kila lita, dakika chache kabla ya kutia chanjo. Wanyime vifaranga maji kwa saa moja au mbili ili wawe na kiu, kisha wayamalize maji yenye chanjo ndani ya saa mbili.

Tena tazameni mwendo wa vifo: vilianza ghafla, vikapanda, na ndani ya wiki moja vikakoma vyenyewe bila dawa yoyote. Gumboro ndivyo inavyofanya.

Daktari_wa_Kijiji
Binti, maelezo yako kuhusu chanjo ni sahihi na kila mgeni wa kuku ayanakili. Hata hivyo, kinyesi cha Gumboro huwa cheupe na cha majimaji, na mara nyingi kifaranga hujidonoa mwenyewe nyuma. Wekundu aliouona Afande hauelezeki hivyo.

Hata mimi siwezi kuapa, kwa sababu Gumboro hushambulia kinga ya mwili, na kuku ambaye kinga yake imeshuka hupatwa na koksidia kwa urahisi. Yawezekana yote mawili yalikuwamo. Tungepata jibu kama mmoja angepasuliwa. Katika koksidia ya aina inayoua vifaranga, ile mifuko miwili mirefu iliyo mwishoni mwa utumbo huvimba ikajaa damu. Katika Gumboro, kile kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja huvimba, na kwenye misuli ya mapaja na kifua unaona michirizi ya damu kama mikwaruzo. Afande amezika ushahidi wote.

MzeeWaMasese (Jinja)
Ndugu zangu, mmefika mbali kabla ya kuuliza walikula nini. Ninaishi karibu na mwalo wa Masese na ninaona mukene, yaani dagaa, unavyoanikwa. Ule unaoanikwa juu ya mchanga huzolewa pamoja na mchanga, na wapo wanaoongeza mchanga kwa makusudi ili gunia liwe zito. Mwingine umetiwa chumvi ili usioze, na chumvi ikizidi huua kifaranga upesi kuliko kuku mkubwa, kwani humharisha na kumnyong'onyeza.

Chota mukene uliobaki, uusage, tia kiganja kimoja katika bilauri ya maji, koroga, uache utulie. Mchanga utakaa chini na utauona kwa macho. Kisha onja maji hayo kwa ncha ya ulimi. Afande, uliwalisha nini?

AfandeMstaafu
Mzee wangu, swali lako limenigusa. Wiki mbili za mwanzo niliwapa chakula cha vifaranga kilichotengenezwa kiwandani. Kilipokwisha, siku ya 15, nilianza kuchanganya mwenyewe: pumba za mahindi ndoo tatu, mashudu ya alizeti nusu ndoo, na mukene nusu ndoo. Vifo vilianza siku mbili baadaye.

Nimefanya kipimo cha bilauri sasa hivi. Mchanga uliokaa chini ni kama unene wa kidole kimoja. Maji yana chumvi, ingawa sijui kama ni ya kuua.

BintiWestNile
Mzee wa Masese, tangu nikufahamu hapa, kila ugonjwa wa kuku kwako hutoka katika mukene. Hata kuku akiibwa utataka kujua alikula nini. Leo lakini nakupa heshima yako.

MzeeWaMasese
Asante, binti yangu. Kuku aliyeibwa naye alikula kitu.

Mwanafunzi_Kabanyolo (Wakiso)
Naomba kusahihisha jambo moja na kuongeza jingine. Kifaranga katika wiki za mwanzo anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 18 hadi 20. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10 hivi, na mukene uliojaa mchanga hauwezi kuziba pengo hilo. Chakula hicho kingewadumaza na kuwadhoofisha, lakini upungufu wa protini hauui vifaranga 14 kwa wiki moja.

Ninachokihofia zaidi ni ukungu wa mahindi. Pumba zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu hutoa sumu ya aflatoksini ambayo huharibu ini, na kifaranga hana uwezo wa kuistahimili. Mahindi yenye vidoa vya kijani au yenye harufu ya uvundo yasitumike hata kwa kuku. Wengine hujaribu kubana matumizi kwa kuwapa vifaranga chakula cha kuku wa mayai. Hilo pia ni kosa, kwa sababu kina chokaa nyingi iliyokusudiwa ganda la yai, nayo huharibu figo za kifaranga.

Mpanda_Nakati (Wakiso)
Kuku mmewazungumza vya kutosha kwa sasa. Naomba turudi kwenye kitalu, kwa maana nakati ndiyo inayonilisha.

Afande, usifukue. Nakati si sukuma. Sukuma huchomoza siku ya nne au ya tano, lakini nakati mara nyingi huchukua siku saba hadi kumi, na mbegu iliyovunwa karibuni huendelea kulala kwa muda hata ukiimwagilia kila siku. Wengi hufukua siku ya kumi kutazama kilichotokea, na hapo ndipo wanapoiua ile iliyokuwa inaanza kuamka.

Jambo la pili ni kina. Mbegu hufukiwa kwa udongo usiozidi mara mbili au tatu ya unene wake, na punje ya nakati ni bapa na nyembamba kama ya pilipili. Punje ya mchicha ni ndogo zaidi. Ukichukua iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, umeshika punje mamia. Ukiifukia kwa kina cha kidole, inaota gizani, inamaliza nguvu yake na kufa kabla ya kuona jua. Mimi huchanganya mbegu na mchanga mkavu au majivu, mkono mmoja wa mbegu kwa mikono kama kumi ya mchanga, narusha, kisha napitisha tawi lenye majani juu ya udongo kama mtu anayefagia taratibu. Baada ya hapo natandaza nyasi kavu nyepesi, na siku miche inapochomoza nazitoa jioni, si mchana.

Na je, umeangalia sisimizi? Yale mabaka ya mchicha yananipa shaka. Sisimizi hubeba punje moja moja usiku na mchana, na ukifuata njia yao utakuta ghala lao limejaa mbegu zako.

Kawempe_Gunia (Kampala)
Mimi nasimama upande wa wanaoshuku mbegu. Afande hajasema alinunua wapi. Pale Container Village, Kampala, kuna maduka mengi mazuri ya mbegu, lakini kuna pia watu wanaopima mbegu kwa kijiko kutoka katika kopo lililofunguliwa miezi mingi iliyopita. Nilinunua mbegu za kitunguu namna hiyo, na kitunguu ndicho mbegu inayozeeka haraka kuliko mboga nyingi. Sikupata hata mche mmoja. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya kupimwa uotaji na lebo ya ukaguzi, na utunze pakiti hiyo hata baada ya kusia, ili uwe na kitu cha kumwonyesha muuzaji.

Mbegu iliyobaki ipime kabla ya kulaumu udongo. Hesabu punje 50, zipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kikunje, kitie ndani ya mfuko wa nailoni, ukiweke jikoni mahali penye joto. Kila siku fungua utazame. Zikiota chini ya 25, tatizo ni mbegu.

Kwa nafasi ndogo kama yangu, nalima katika magunia. Katikati ya gunia nasimamisha nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu, pembeni najaza udongo na samadi iliyoiva, kisha natoboa mashimo ubavuni na kupandikiza sukuma. Maji niliyosuuzia mboga namwaga juu ya mawe, yanashuka na kufikia kila mzizi. Magunia manne yanatutosha watu watano.

Mama_Vitalu
Umetaja samadi, ukanikumbusha swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Afande, katika kitalu uliweka mbolea gani?

AfandeMstaafu
Niliweka tandiko la vifaranga. Nilipobadilisha maganda ya kahawa nilichukua yale ya zamani pamoja na kinyesi, nikayachanganya na udongo siku moja kabla ya kusia. Mbegu nilinunua za kupimwa kwa kijiko, kasoro sukuma, ambayo ilikuwa katika pakiti.

Mama_Vitalu
Hapo ndipo penye jibu la kitalu. Kinyesi cha kuku kikiwa kibichi ni kikali kuliko samadi ya ng'ombe au ya mbuzi. Kinatoa hewa ya amonia, ile inayokuwasha macho ukiingia bandani asubuhi, na hewa hiyo huunguza mzizi mchanga unapotoka tu kwenye punje. Lundika tandiko hilo pamoja na majani makavu, limwagilie kidogo, ligeuze kila wiki au mbili, na usiliguse kwa kitalu kabla ya miezi miwili au mitatu. Litakapokuwa jeusi, likanukia kama msitu baada ya mvua, na ukipenyeza mkono ndani usikute joto, limeiva.

Mjukuu_wa_Bibi (Masaka)
Mama, kwa heshima, bibi yangu alikuwa akitoa kinyesi cha kuku kila asubuhi na kukimwaga moja kwa moja kwenye migomba, na ndizi zake zilikuwa maarufu kijiji kizima. Kama kibichi kinaua, migomba ingekufa zamani. Nadhani mbegu za kijiko ndizo mbovu. Hata ushahidi upo, maana sukuma ya pakiti imeota katika udongo uleule.

Mama_Vitalu
Mwanangu, mgomba wa bibi ulikuwa mkubwa, na alikimwaga juu ya majani makavu mbali kidogo na shina. Kitalu ni kitoto cha siku moja. Kuhusu sukuma, nakubali kwamba hoja yako ina uzito, ingawa sukuma ni mmea unaovumilia mbolea nyingi kuliko nyanya na nakati.

Gulu_Kaskazini
Nashangaa hakuna aliyetaja tarehe. Afande alisia Februari. Huku kwetu kaskazini hakuna anayethubutu, kwa kuwa ukavu unaanza Desemba na mvua hatuioni kwa uhakika kabla ya mwisho wa Machi au Aprili. Bombo mna misimu miwili, wa Machi hadi Mei na wa Septemba hadi Novemba, lakini Februari hata kwenu ni jua kali. Ukimwagilia asubuhi, kufikia saa nane uso wa udongo umekauka ukafanya gamba gumu kama chapati iliyoungua, na mche wa nakati hauna nguvu ya kulipasua. Gamba hilo la udongo likiinuka kama kifuniko, chini yake utauona mche mweupe uliojikunja. Kinachohitajika ni kivuli cha nyasi juu ya vijiti, kimo cha goti, na kumwagilia kidogo mara mbili kwa siku.

Mlinzi_wa_Banda (Kasese)
Nimesoma yote na nakubaliana na wengi, ila ushauri wangu kwa anayeanza ni tofauti: acha vifaranga wa mashine. Nunua mitetea mitatu ya kienyeji na jogoo mmoja. Kuku anayeatamia ni sigiri isiyozimika saa kumi usiku. Anajua joto, anajua hatari, na anafundisha watoto wake kuchakura. Mwekee mayai 10 hadi 12, na baada ya siku 21 atakuletea vifaranga bila wewe kuamka.

Adui wangu mkubwa hakuwa ugonjwa bali siafu. Usiku mmoja wa mvua nilisikia kuku akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada. Nilipofika na tochi, ukuta wa banda ulikuwa unatembea. Kuku alikuwa bado amekaa juu ya mayai, amekataa kuondoka, na siafu walikuwa wamemjaa machoni na chini ya mabawa. Nilimtoa na kumtumbukiza katika ndoo ya maji, akapona akiwa na jicho moja. Vifaranga wawili waliokuwa wametotolewa jioni ile sikuwapata. Tangu hapo viota vyangu vinasimama juu ya miguu ya mbao, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta machafu ya gari, na kila jioni ya mvua nazungusha majivu ya moto kuzunguka banda.

BintiWestNile
Kaka, pole kwa huyo mama mwenye jicho moja. Amenifanya nisimame kidogo kabla ya kuandika. Kuhusu kienyeji, hata hivyo, tuwe wakweli kwa mgeni. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 hivi kwa mwaka, na Kuroiler, ambaye asili yake ni India, hutaga mara mbili au tatu ya hayo na kukua haraka. Ni kweli kwamba Kuroiler haatamii ipasavyo. Mimi ninafuga wote: mayai ya Kuroiler nayaweka chini ya kuku wa kienyeji.

Na kienyeji naye anakufa kwa kideri usipomchanja. Ipo chanjo ya tone la jicho, ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile nyingine. Tone moja katika jicho moja, kila baada ya miezi mitatu au minne. Wanakijiji wengi huchanja baada ya kuku wa jirani kufa, wakati ambapo wa kwao wameshaambukizwa.

Mpanda_Nakati
Kwa Afande ambaye sukuma yake imeota, neno fupi: usitegemee mbegu za sukuma yako mwenyewe. Mmea huo unahitaji baridi ya muda mrefu ili utoe maua, na Bombo hakuna baridi hiyo. Ikishakomaa itatoa machipukizi ubavuni. Yavunje, yaache kivulini nusu siku, yapandikize jioni. Jirani yeyote mwenye sukuma ya zamani atakupa bure, na hutahitaji kitalu.

Kawempe_Gunia
Na nyanya ukipata pakiti ya chotara, kumbuka usihifadhi mbegu zake, hazioti.

Mwanafunzi_Kabanyolo
Zinaota, ndugu yangu. Ila kizazi cha pili hakifanani na mama. Mche mmoja utazaa makubwa, mwingine madogo, na ule uvumilivu wa ugonjwa uliolipia unaweza kupotea. Anayetaka kuhifadhi mbegu achague aina ya kawaida isiyo chotara, akamue punje pamoja na utelezi wake katika kikombe, aziache zichache siku mbili au tatu, kisha azioshe na kuzianika kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwa maana zitagandamana nayo.

AfandeMstaafu
Wapendwa, narudi baada ya siku nane na habari.

Kipimo cha kitambaa: kati ya punje 50 za nakati zimeota 31. Mchicha umeota 44.

Kitaluni, mjukuu wangu wa miaka sita ndiye aliyeziona nakati, tisa kwa hesabu yake, zote zikiwa ukingoni upande wa mparachichi. Nimekaa nazitazama kwa muda. Upande ule una kivuli tangu saa sita, kwa hiyo gamba la udongo halikujengeka, kama alivyosema ndugu wa Gulu. Lakini upande uleule ndio ambao tandiko liliniishia na sikuweka mbolea, kama alivyosema Mama wa Jinja. Na njia ya sisimizi ipo, ila inapita upande wa pili. Kwa hiyo siwezi kuwaambia nani amepatia.

Tandiko la banda nimelibadilisha lote, na sanduku nimelizungushia karatasi ngumu ili lisiwe na kona. Chakula nimerudi kwenye kile cha kiwandani.

Jambo la haraka ni hili: asubuhi hii kifaranga mmoja kati ya wale 11 amekufa, na mwenzake amejikunyata vilevile. Kinyesi cha huyu mgonjwa ni cheupe kwa majimaji, na katikati kina uzi mwekundu. Huyu aliyekufa sijamzika. Nimpeleke wapi?

Daktari_wa_Kijiji
Afande, usimzike na usimpasue nyumbani. Kituo cha taifa cha uchunguzi wa magonjwa ya mifugo kiko Entebbe, lakini kutoka Bombo kilicho karibu nawe ni chuo cha mifugo cha Makerere. Panda teksi ya Kampala, teremka Wandegeya, na kutoka hapo unaweza kutembea.

Mfunge aliyekufa katika mifuko miwili ya nailoni, umlaze juu ya barafu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Asigande, kwa sababu akiganda nyama huharibika na picha ya ugonjwa hupotea. Abaki baridi tu. Mgonjwa aliye hai mchukue pia katika boksi lenye matundu, maana huyo ndiye atakayewasaidia zaidi. Beba chakula cha kiwandani kidogo, na ule mchanganyiko wako wa zamani kiasi cha kikombe, pamoja na mukene wa Mzee. Andika katika karatasi tarehe za chanjo na idadi ya waliokufa kila siku. Ondoka kabla jua halijapanda.

AfandeMstaafu
Nimeelewa. Barafu nimepata kwa jirani anayeuza samaki. Mke wangu amebaki na wale tisa, nami niko stendi.

MzeeWaMasese
Mukene umeubeba?

AfandeMstaafu
Nimeubeba, mzee wangu. Uko katika mfuko wa shati.